Bi Domitila Arriaga na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, Bi Domitila Arriaga atastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha kuwasaidia wahamiaji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Tarehe hizi nimezihakiki kwenye faili lake mara mbili, kwa sababu ninayemwandikia hasamehe tarehe za kubahatisha. Sababu yake nitaifikia.

Alizaliwa Uruapan, Michoacán, akavuka mpaka na kufika katika mji wetu huu wa Schuyler akiwa na miaka ishirini na tisa. Kwa miaka minane alikata mabega ya ng'ombe katika kiwanda cha nyama, hadi vidole vyake vikawa havikunjuki asubuhi. Machi 1994 kituo kilimwajiri apokee simu. Mwaka haujaisha, alikuwa anawajazia fomu za uhamiaji nusu ya watu wa mji. Fomu zake zilikuwa safi ajabu. Kila nafasi ilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la wino mweusi.

Hakuwa wakili, wala hakuwahi kujiita wakili. Mwaka 2003 alipata idhini kamili ya serikali, ile inayomruhusu mtu wa kituo kama chetu kusimama mahakamani kumwakilisha mhamiaji. Tulipika tamali siku hiyo, ile mikate ya mahindi ya kwao, tukapiga picha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani atakayemfundisha namna ya kusimama mbele ya jaji. Idhini ililetwa na posta, na kwenye bahasha hapakuwa na kitu kingine.

Kesi yake ya pili ilikuwa ya Nicanor Tzoc, mkata nyama kutoka Guatemala aliyekuwa anaomba hifadhi. Ndugu yake alikuwa ameuawa kijijini kwao, na waliomuua walimtafuta Nicanor nyumba kwa nyumba. Akirudishwa, anarudi mikononi mwao. Fomu iliuliza tarehe ya mauaji. Nicanor hakuijua. Alichojua ni kwamba ilikuwa siku ya tatu baada ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji chao, mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji.

Sisi tuliolelewa na fomu tuna ugonjwa wetu: nafasi tupu inatuwasha. Bi Domitila alimpigia simu mtu wa kijiji kile aliyekuwa anaishi Omaha, akapiga hesabu, akaandika siku, mwezi na mwaka. Kisha akamsomea Nicanor maelezo yote, naye Nicanor akaitikia kwa kichwa, kwa heshima tu.

Februari 2004, mahakamani Omaha, wakili wa serikali alikuwa na cheti cha mazishi ya yule ndugu. Mwaka haukulingana. Akamuuliza Nicanor, kwa upole kabisa, ile tarehe iliyo kwenye maelezo yake aliitoa wapi.

"Hiyo si yangu," Nicanor alijibu kupitia kwa mkalimani. "Hiyo ni ya Bi Domitila. Mimi nilimwambia sikukuu."

Bi Domitila alikuwa na haki ya kusimama, kumuuliza tena shahidi wake, na kumpa nafasi ya kueleza. Hakujua kwamba anayo haki hiyo. Alibaki amekaa, ameshika kalamu. Jaji akaona kwamba Nicanor si mkweli, akaamuru arudishwe kwao. Zilibaki siku thelathini za kukata rufaa.

Njia ilikuwepo, ila ilikuwa chungu. Mwakilishi mwenyewe angeandika kwa kiapo kwamba kosa ni lake, na akishaandika hivyo angeweza kunyang'anywa idhini. Mtu mmoja hapa ofisini alimvuta pembeni.

"Domi, usijichongee," alimwambia. "Kata rufaa ya kawaida, habari za tarehe usiziguse. Wakikunyang'anya idhini, hawa watu mia mbili tulionao wataenda kwa nani?"

"Hao mia mbili wana foleni," alijibu. "Nicanor ana siku thelathini."

Aliandika kurasa mbili, akazipigia kiapo, akaikabidhi kesi kwa wakili wa Omaha aliyekubali kuisimamia. Kisha tukasubiri miezi kumi na minne. Kila Jumapili baada ya misa Nicanor alimpita uani bila kumtazama. Hakumlaumu kwa neno hata moja, na ninaamini Bi Domitila angependa kulaumiwa.

Kesi ilirudishwa, ikasikilizwa upya. Safari hii wakili alimuuliza Nicanor swali moja tu la kuanzia: "Tuambie kuhusu sikukuu." Nicanor alizungumza dakika arobaini, na alipomaliza hakuna aliyekumbuka kumuuliza tarehe. Alipewa hifadhi. Bi Domitila aliachiwa idhini yake, akapewa barua ya onyo. Aliitia kwenye fremu na kuitundika juu ya meza yake, kando ya idhini, na hadi leo wageni hudhani ni cheti cha pongezi.

Kutokana na kosa hilo ndipo lilipozaliwa darasa ambalo kituo chetu kinajulikana nalo kutoka Kansas hadi Iowa. Tangu 2006, kwa siku tano kila Aprili, chumba cha chini cha kanisa hugeuka mahakama. Bi Domitila huwa jaji. Joho lake ni la kwaya, linaburuta sakafuni, na nyundo yake ni mchi wa jiwe wa kusagia pilipili. Wanafunzi ni watu kama sisi: wakata nyama wa zamani, walimu waliostaafu, masista, watu wanaojua fomu kama sala na wanaotetemeka wakiambiwa wasimame.

Siku ya kwanza mafaili yote huachwa mlangoni. Kila mwanafunzi huketi kwanza kwenye kiti cha shahidi, aulizwe kuhusu siku kubwa ya maisha yake mwenyewe. Sista Ludmila Kubíček alikosea mwaka wa nadhiri zake, tena kwa miaka miwili.

"Sista, unaidanganya mahakama yangu?" jaji alimuuliza.

"Mheshimiwa, nilikuwa na furaha, sikuwa na kalenda."

"Basi mteja wako naye alikuwa na hofu. Kalenda angeitoa wapi?"

Mwanafunzi akianza kumlisha shahidi maneno, mchi hupigwa mezani. "Umemaliza kumlisha? Mpe na maji ya kushushia." Nimewaona watu wazima wakicheka hadi machozi, na nimewaona watu haohao, siku ya tatu, wakinyamaza kabisa shahidi anapoanza kusema.

Shahidi huyo ni Nicanor. Mwaka wa pili wa darasa alishuka ngazi bila kualikwa, akavua kofia. "Nasikia mnatafuta shahidi mgumu," alisema. Hajakosa Aprili hata moja tangu hapo. Kila mwaka wanafunzi humbana awape tarehe, na kila mwaka huwajibu kwamba haijui. Aprili hii mwanafunzi mmoja alilisikia jibu hilo, akaweka kalamu chini, akangoja. Kisha akauliza: "Kwenye sikukuu hiyo huwa mnapika nini?" Bi Domitila alivua joho, akalikunja, akaliweka mezani. "Inatosha," alisema. "Mimi naweza kwenda."

Watu mia moja sitini na watatu wamepita kwenye kiti kile. Kwa niaba ya wote, na ya wateja ambao hawatajua kamwe kwa nini mwakilishi wao alikubali kungoja, tunakushukuru, Bi Domitila. Upumzishe vidole hivyo. Afya iwe nawe, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na barua ya posta isikushtue tena.

Nina jambo langu moja, kisha nimalize. Yule mtu wa ofisini aliyekuvuta pembeni ni mimi, Fermín Olvera. Kwenye kurasa zile mbili uliandika makosa yako yote na jina langu hukulitaja. Kwa miaka ishirini na mmoja hujawahi kunikumbusha, hata kwa utani, nawe utani huwezi kuuacha. Nimekula chakula chako na kunyamaza. Naona aibu. Ungenisikiliza, kile kiti cha Aprili kisingekuwa na Nicanor.

Nimejaribu kukumbuka ilikuwa siku gani niliyokuambia maneno yale, nimeshindwa. Nakumbuka barafu ilikuwa inayeyuka kwenye paa, ulivaa sweta ya kahawia, na kahawa yako ilipoa bila kuguswa. Nafasi ya tarehe nimeiacha wazi.