Mwalimu Prudensia Kokushubila, Aliyebaki Lewisville

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2025, marehemu alimpimia mumewe, Mzee Kalisti, chai nusu kikombe, kama daktari alivyoagiza. Mzee akaomba aongezewe. "Baba Vicent, hiyo ndiyo yako mpaka mchana," akamwambia, kisha akanywa yake amempa mgongo ili asimtamanishe. Akavaa koti, akashuka ngazi kwenda kufundisha. Nyumbani hakurudi tena.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, Kamachumu, Kagera. Alisoma hapohapo Kamachumu, na mwaka 1974 akahitimu ualimu Butimba, Mwanza.

Alifundisha Kiswahili na maigizo katika sekondari ya wasichana, Bukoba, hadi alipostaafu mwaka 2012. Kalisti alikuwa mpishi wa shule hiyo. Mwaka 1977 Mwalimu alikosa mtu wa kuigiza mtemi, kwani kila msichana aliyebandikwa ndevu alicheka. Akaja jikoni. Kalisti hajui kusoma, basi alimsomea maneno huku yeye akisonga ugali, mpaka yakamkaa. Siku ya onyesho mtemi akasahau yote, akatangaza, "Chakula tayari." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mwalimu hakumgombeza. Maneno hayo aliyaacha yabaki mchezoni. Walifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1979.

Mwaka 2015 walikuja Lewisville, Texas, kwa miezi mitatu tu, kumsaidia binti yao Abigail kulea. Katika mwezi wa pili wa kukaa kwao, figo za Kalisti zikakataa. Tangu hapo ni mashine ya kusafisha damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mwenye mashine haendi mbali. Marehemu angeweza kwenda. Wanafunzi wake wa zamani walimwita mara tatu. Mara tatu alipanga sanduku, mara tatu akalipangua. Alisema Bukoba haihami. Lakini alikuwa akisimama dirishani huko ghorofani, akitazama magari yaliyoegeshwa. Mumewe alimwona.

Miaka saba alifundisha maigizo vijana wa sekondari, kila Jumamosi, katika ukumbi wa parokia. Walimjibu kwa Kiingereza, naye akaendelea na Kiswahili chake. Binti mmoja, Kethia, aliyeigiza malkia, alisahau maneno, akasema, "Sorry, Bibi."

"Malkia haombi radhi, mwanangu. Waache wangoje."

Jumamosi ile moyo ulimshika humo ukumbini, mbele ya wanafunzi. Wao ndio walioita ambulensi. Alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi. Mumewe alikuwa kwenye mashine, akapewa habari kwa simu. Ilibaki saa moja na nusu ndipo wamfungue.

Ameacha mume, mwanawe Vicent wa Sugar Land, binti yake Abigail, wajukuu watano, na wanafunzi wa huku na kule. Mungu ampokee, ampumzishe.

Ukoo wa mumewe, nao wa Kamachumu, uliomba azikwe huko kibanjani, kwenye shamba la familia, kama ilivyo desturi. Shemeji yake alipiga simu akauliza, "Mke wa kwetu anaachwaje kwenye nchi ya watu?" Ameuliza kwa haki. Jibu ni la marehemu mwenyewe, alilompa Abigail kitandani, Jumapili tarehe 9 Novemba:

"Msinipandishe ndege. Baba yenu hawezi kunifuata."