Walitaka Aandike Hajaoa

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na ninyi wa benchi la nyuma mliokaa kimya nawaona. Naitwa Skolastika Athumani, muuza mafuta ya ufuta hapa Masoko, mke wa Danieli, yule Mmarekani anayetengeneza mashine za kukamua. Nimesema mke. Leo nimesimama kushuhudia juu ya neno hilo moja.

Ndugu zangu, najua mnavyosema mkiniona napita. "Skola kaolewa na mzungu, ana shida gani?" Shida nilikuwa nayo, tena ya karatasi. Kwao Danieli, raia hata akihamia Mitole akalime ufuta, serikali yake inataka kila mwaka ajaze fomu ya kodi, aseme amepata nini, na kama ameoa au hajaoa. Danieli hakujua. Alidhani kwa kuwa analipa kodi hapa Tanzania, kule wamekwisha kumsahau. Miaka sita ya ndoa yetu hakujaza hata fomu moja. Siku rafiki yake wa huko alipomuuliza, mzungu wa watu akazidi kuwa mweupe. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa inakaribia kwisha, akaogopa watamnyima nyingine. Chakula akawa anakisogeza tu, simu ikilia anashtuka. Nami nikaogopa pamoja naye.

Tukampata mtaalamu wa fomu, wa kulekule kwao, kwa mtandao. Akaomba cheti chetu cha ndoa na kitambulisho changu cha taifa. Tukatuma. Akajibu kwamba hawa ni wanawake wawili. Kitambulisho kinasema baba yangu ni Athumani, cheti kinasema baba wa bibi harusi ni Benedikto. Kisha akatoa ushauri wake: kunyoosha mambo haya ni kazi ndefu, jaza tu kwamba hujaoa. Mkeo hajawahi kukanyaga huku, nani atajua?

Niseme kosa lilitoka wapi, maana ni letu wenyewe. Baba yangu Athumani alikuwa mvuvi wa Kiswere. Aliondoka mimi sijaota meno, hakurudi. Mama akanichukua hadi kwao Mtama, na kaka yake, mjomba Benedikto, ndiye aliyenilea na kunisomesha. Sisi Wamwera mnatujua, ndoa ni ya mjomba. Mahari anapokea yeye, ugomvi anaamua yeye. Kwa hiyo siku ya harusi, karani wa kanisa alipouliza jina la baba wa bibi harusi, mjomba alijibu kwa sauti, "Benedikto." Hakuna aliyekohoa. Wote tuliona amejibu sawasawa.

Basi Danieli akakaa mbele ya kompyuta.

"Ni kisanduku tu, Skola," akaniambia. "Sisi wenyewe tunajua ukweli."

"Na chini ya fomu unatia sahihi ya nini?"

Akarudisha macho kwenye kompyuta. Alikuwa amenisomea mwenyewe kwamba sahihi ile ni ya kiapo, kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli.

"Basi niapie mimi kwanza," nikamwambia. "Niangalie usoni useme huna mke."

Hakusema, wala hakujaza. Lakini kompyuta hakuifunga, na mimi nilikasirika, ndugu zangu, sitawaficha. Niliolewa mchana kweupe mbele ya madhabahu, wanawake wa Mtama wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka, halafu nije kufutwa kwa kidole na mtu asiyejua hata Lindi iko upande gani? Nikapiga magoti palepale sebuleni. Nikamwambia Mungu, wewe ulishuhudia, mimi sifutiki.

Kesho yake nikaenda Lindi kwa wakili. Akasema dawa yake ni ndogo: mjomba aje ale kiapo kwamba yeye si baba yangu bali mjomba, na kwamba Skolastika wa cheti na wa kitambulisho ni mtu mmoja. Ndogo kwake yeye wakili. Nikaenda Mtama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Neno hilo lilinichoma kabla sijaanza. Nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasukuma sahani yake kando.

"Athumani hakukununulia hata daftari," akasema. "Leo unataka nikaape mbele ya watu kwamba wewe si wangu?"

"Mjomba, apa kwamba mimi ni mpwa wako. Tangu lini kwetu mpwa akawa si wako?"

Akainuka, akaingia ndani.

Nilikaa Mtama siku tatu, nikifunga na kuomba. Sikuomba wazungu wanihurumie. Nilimwomba Mungu aguse moyo wa mzee mmoja mkaidi ambaye mimi mwenyewe nimerithi ukaidi wake. Siku ya nne asubuhi mjomba akatoka chumbani amevaa koti alilovaa siku ya harusi yangu.

"Twende," akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Kwa wakili akaulizwa, wewe ni nani wake? "Mjomba." Akarudia bila kuulizwa, "Mjomba wake, kaka wa mama yake." Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Andika na hili. Nimemlea mimi." Wakili akamwambia kiapo hakihitaji maneno hayo. Mjomba akajiweka vizuri kwenye kiti. "Anayeapa ni mimi. Andika." Wakili akaandika.

Danieli alipoisoma hati ile alilia, akaniomba msamaha, akamwacha yule mtaalamu akatafuta mwingine. Fomu zote za miaka sita zimekwenda. Ameoa. Jina la mke, Skolastika Athumani. Nambari ya kodi ya mke, hana, kwa sababu kwao sijawahi kuishi, na imekubalika hivyohivyo. Pasi mpya ameipata, na chakula anakula mpaka naogopa.

Ndugu zangu, kama kuna mtu amekuambia ukubali kuandikwa usivyo ili mambo yawe mepesi, kataa. Kataa kwa adabu, lakini kataa, kisha umtegemee Mungu naye atakuonyesha mlango wa kubisha. Nilikuwa na hofu, leo sina. Utukufu ni wake.

Na mjomba yupo, amekuja kutoka Mtama, mstari wa pili pale, na koti lake ni lilelile. Mjomba, simama wakuone. Huyu aliapa kwamba si baba yangu, na aliapa kweli. Sasa naapa mimi, bila wakili: baba niliyewahi kumjua ni huyu.