Kiti Nilichomwekea Bwana

Sogeeni, wanangu, ninyi wawili na mama yenu, na wewe fundi Sindano usijifiche nyuma ya mlango, maana sauti imebaki ya kunong'ona na sina pumzi ya kusema mara mbili. Msilie bado. Mtu aliyefua na kupiga pasi nguo za watu mpaka akaitwa babu, kisha Mungu akamwita katika wiki ya kwanza ya Majilio, huyo si wa kuliliwa. Ni wa kusindikizwa.

Chumba cha mbele, mnachonuniana kwa ajili yake tangu Pasaka, ni chenu wote wawili. Binti yangu, wewe endelea na udobi humo. Mdogo wako aweke meza yake ya kutengeneza redio upande wa dirishani. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi mimi nataka kuwaachia mavuno. Sikilizeni kilichonipata chumbani humo, mwaka ule hamjaanza hata shule.

Mwalimu wa dini alitufundisha kwamba Majilio ni kumngoja Bwana kama mgeni anayeweza kufika saa yoyote. Nami mtu wa vitendo nikapaka kuta chokaa, nikanunua kiti, nikawa nakipangusa kila asubuhi na kumpiga marufuku yeyote kukikalia. Mama yenu akanicheka: "Baba watoto, Bwana alizaliwa zizini, wewe unamhangaikia kiti?" Nikamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na wakati huo, wanangu, mimi na Sindano tulikuwa na miaka sita hatusalimiani, na kati yetu ukuta mmoja tu. Alikuwa ameniletea gauni la harusi alilolishona mwezi mzima, nikaliunguza begani, nikaapa mbele za watu kwamba lilikuja vile vile. Bibi harusi akalia, wateja wakamkimbia fundi, mimi nikaendelea kuimba kwaya kwa sauti nene. Nguo za watu nilizing'arisha. Doa langu nililifunika.

Basi adhuhuri moja, ninanyoosha kitambaa cha zambarau cha altare, nikasikia kishindo mlangoni. Sindano kateleza kwenye maji yangu ya sabuni, mguu umeteguka, kajishikiza ukutani. Mama yenu akasema, "Mkalishe." Nikaangaza huku na huku, kiti kilikuwa kile kile kimoja. Akaniuliza, "Kwani unamngoja nani mwingine?"

Nikamkalisha. Nikapiga magoti kumfunga mguu, na kule chini maneno yakanitoka bila kuitwa: "Lile gauni niliunguza mimi." Akacheka mpaka machozi. "Nilijua tangu siku ile, dobi wewe! Miaka sita nakungoja uje useme."

Nilidhani mimi ndiye ninayemngoja Mungu, kumbe Yeye ndiye aliyekuwa akiningoja, ng'ambo ya ukuta tu. Jumapili ile nilikiri mbele ya watu wote, na aibu yote iliisha kabla ya wimbo wa mwisho. Tangu hapo sikumtafuta mbali: nilimkuta kwenye mvuke wa pasi, kwenye chai ya mama yenu, hata kwa mteja mkorofi anayedai mfuko wake ulikuwa na kifungo.

Sasa shikeni haya. Mama yenu asihamishwe chumba chake. Mnizike kwa nyimbo za kungojea, si za kuomboleza. Na shati lolote safi linatosha, mimi mwenyewe nitakuwa nimeshanyooka. Jumapili mshumaa wa pili wa Majilio muuwashe ninyi, mbele ya kanisa zima... dirisha lile la kanisani lenye kioo kilichovunjika huingiza upepo... mmoja awashe, mwingine aukinge kwa viganja.

Leteni vichwa vyenu. Mungu awe nanyi jikoni... kazini... na mnapokoseana, hapo hasa awe nanyi. Awape kicheko kirefu kuliko hasira. Nguvu... nguvu zimekwisha, wanangu. Furaha bado... furaha bado ipo tele.