Maandishi Ndani ya Turne-Diski: Maisha ya Delphin Wilondja, 1951–2002

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi hii iliandikwa jana jioni, na mkono ulioiandika bado haujakubali. Alhamisi asubuhi Delphin Wilondja alikunywa uji, akalalamika kwamba sukari haikutosha, akacheka. Leo Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2002, tunamzika hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Anayewasomea ni Kabibi, dada yake mdogo, ambaye ndiye aliyepika uji ule.

Delphin alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 huko Mboko, Fizi, kando ya ziwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Asukulu, mkulima wa mihogo. Kati ya watoto sita wa nyumba hiyo walikua wawili tu, yeye na Kabibi.

Alianza shule ya misheni Mboko mwaka 1958. Darasani alikuwa wa katikati, ila hakuna kitu chenye skrubu kilichomshinda. Akiwa na miaka kumi aliifungua saa ya mwalimu wake ili aone kinachoisukuma. Mwalimu alipofika na fimbo, saa ilikuwa imekwisha kufungwa na inatembea vizuri. Fimbo ilifanya kazi yake hata hivyo, kwa sababu skrubu moja ilikuwa imebaki mkononi mwa Delphin. Vita vya 1964 vilikatiza masomo. Alirudi shuleni akiwa kijana mkubwa, akasoma umeme miaka miwili Uvira.

Mwaka 1976 alifungua atelier yake, karakana ndogo, Uvira, mtaa wa Kimanga. Alitengeneza redio na pasi, lakini watu walimfuata hasa kwa kazi ambayo mafundi wengine waliikwepa: mkono wa turne-diski, yaani mashine ya kupigia santuri, mkono ule unaobeba sindano. Chini yake kuna vijiti na springi ndogondogo zinazounyanyua na kuurudisha. Ukikosea kidogo, sindano inakwaruza santuri ya watu. Kila mashine aliyoimaliza aliandika ndani yake kwa kalamu ya risasi: herufi mbili za jina lake, mji, na tarehe. Siku moja Kabibi alimwuliza sababu. Akajibu, "Ikiharibika tena, nijue ni mimi njo niliharibu."

Tarehe 14 Julai 1979 alifunga ndoa na Mathilde, mshonaji wa Uvira. Tarehe 9 Februari 1982 Mungu aliwapa mtoto mmoja, Nadège.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, nao wakakimbilia Mboko. Ufukoni palikuwa na nafasi mbili tu katika mtumbwi uliokuwa unaondoka. Delphin aliwapandisha mke wake na binti yake, yeye akabaki na Kabibi kungojea mwingine. Walipofika Kigoma waliambiwa kwamba mtumbwi ule ulizama. Alizunguka huko wiki tatu akiuliza kila mtu aliyetoka ziwani, asipate jibu. Januari 1997 yeye na Kabibi waliingia Malawi kwa njia ya Karonga, wakaletwa hapa Dzaleka. Hakuoa tena.

Hapa mlimjua wenyewe: kibanda chake karibu na soko, na safari zake za Lilongwe kutafuta vipuri Old Town. Lakini si wote mnajua kilichotokea Septemba mwaka jana.

Niyibizi, jirani yetu kutoka Burundi, alikuwa amefika hapa kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Alimletea Delphin turne-diski ya zamani, ya kufungwa kama sanduku. Mkono wake ukifika mwisho wa santuri ulibaki palepale, haukurudi. Delphin aliinua sahani inayozungusha santuri, akatazama ndani, akainama karibu zaidi mpaka Kabibi akaacha mboga zake na kusimama. Ndani mlikuwa na maandishi: D.W., Uvira, 11-6-94.

"Papa Niyibizi, hii machine uliitosha wapi, ilitoka kwa nani?"

"Nyarugusu, kwa pasta moja wa kule Baraka, Fizi. Alikimbia nayo mu vita."

"Huyo pasta iko muzima?"

"Iko. Anaishi na binti moja alimuokota Kigoma. Yule binti alilia sana siku nilibeba hii machine. Alisema maandiko ya ndani ni ya papa yake."

Delphin alishika meza. "Jina yake?"

"Nadège."

Kabibi alipiga kelele hadi watu wa sokoni wakakimbia kuja. Delphin hakupiga kelele. Alisema tu, "Rudilia." Niyibizi akarudia.

Ujumbe ulipelekwa kwa njia ya Msalaba Mwekundu. Wakati wa kungoja, Delphin aliutengeneza mkono ule. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi. Akaisafisha kwa mafuta ya taa. Springi ya kuurudisha mkono ilikuwa imekatika. Old Town yote hakuipata, basi akasokota nyingine kwa uzi wa waya wa breki aliopewa na mwendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Springi ya kwanza ilikuwa kali mno, ikarusha mkono nje ya sahani. Ya tano ikautuliza. Niyibizi alitaka kumwachia mashine hiyo, lakini Delphin alikataa. "Beba, ndugu yangu. Umeisha kuniletea yenye nilikuwa natafuta."

Februari mwaka huu jibu lilifika. Mathilde alikufa ziwani. Nadège aliokolewa na wavuvi. Miezi sita ya kutafuta vibali ikafuata, na Jumanne iliyopita mtoto akapanda basi kuja Malawi.

Delphin hakuugua. Alhamisi tarehe 15, saa nne asubuhi, alikuwa akipigilia misumari kitanda cha binti yake. Alisema kichwa kinamwuma, akakaa chini, akaanguka. Alipelekwa kliniki ya kambi, kisha akapakiwa garini kwenda hospitali, akakata roho njiani. Tuliambiwa mshipa wa kichwani ulipasuka. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Nadège alikuwa njiani, na hapakuwa na namna ya kumpata.

Jana Kabibi na Niyibizi walimpokea kwenye stendi ya Old Town. Alishuka na mfuko mmoja, akamkumbatia shangazi yake, kisha akatazama nyuma yao.

"Tantine, Papa alibaki nyumbani?"

Kabibi alikuwa amepanga maneno tangu Dzaleka. Badala ya kuyasema, akaupokea mfuko. Niyibizi akavua kofia, na mtoto akaelewa. Hakulia pale. Alisema, "Munipeleke mbele bafunge sanduku." Alipelekwa kabla jeneza halijafungwa, akamwona.

Marehemu ameacha dada mmoja, Kabibi, na mtoto mmoja. Wengi wenu mlikaa nasi kwenye matanga ya mtoto huyo mwaka 1997. Mlileta unga, mkaimba. Ni huyu mwenye kitenge cha kijani, aliyekaa kando ya jeneza. Tukimaliza kuzika, kabla ya kutupa pole, njooni kwanza mumsalimie, maana baba yake alikuwa amepanga kumpitisha nyumba kwa nyumba.

Yaya Delphin, kaka yangu, pumzika kwa amani ya Bwana. Mtoto amefika.