Leota Brandvold na Modeli Iliyokatwa Alama Kila Mwaka

Ndugu waombolezaji, anayewasomea historia hii ni Nadine, binti wa marehemu, na anawaomba radhi mapema kwamba haitakuwa laini, kwa sababu mama mwenyewe hakupenda kitu kilichopigwa msasa mpaka kikapoteza umbo.

Marehemu Leota Fay Brandvold alizaliwa tarehe 14 Machi 1936, mjini Boron, California, mtoto wa tatu wa mzee Harlan Scoggins, mchimbaji wa boraksi, na mkewe Opal, akasoma shule ya msingi hapo hapo Boron, kisha sekondari mjini Lancaster, alikohitimu Juni 1954, na alikokataliwa darasa la useremala kwa kuwa ni msichana, akajifunza kuchonga nyuma ya nyumba kwa kisu cha babake.

Septemba 1955 aliajiriwa Palmdale, katika kiwanda cha ndege ambacho hatutakitaja humu kanisani, maana chenyewe hakijawahi kulitaja jina la baba yetu ila kwa kulichafua. Alipangiwa karakana ya modeli, akawa anachonga ndege za kivita za majaribio, nyingine za kupimia upepo, nyingine za kupamba meza za majenerali, na kifaa cha ndege halisi kikipasuka, mafundi walikileta mezani kwake achonge mfano wa mbao wa kutengenezea kalibu ya kusubia kipya, yaani ya kumiminia madini yaliyoyeyushwa.

Tarehe 6 Juni 1959, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Curtis Brandvold, rubani wa majaribio, wakajaliwa watoto wawili, Nadine mwaka 1961 na Russell mwaka 1964. Baba alikuwa mtu wa utani, akitoka asubuhi husema, "Leota, nakwenda kuona kama ulichonga sawasawa," na mama humjibu, "Ukiivunja, usiniletee visingizio."

Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 1968 mama alikuta mezani kwake kipande cha madini ya risasi chenye ufa, kile kinachofungwa kwenye usukani wa mkia, upande wa kushoto, ili usitetemeke ndege ikienda kasi, akaambiwa achonge taratibu, kwa kuwa ndege haitaruka wiki hiyo. Lakini wageni kutoka Washington walikuwa wamefika, wakubwa hawakutaka kuaibika, baba akahakikishiwa kwamba mahesabu yamefanywa na ndege inaweza kuruka bila hicho kipande, akaruka, mkia ukakatika juu ya ziwa kavu la Rosamond, akafa akiwa na miaka thelathini na minne, na ving'ora vilipolia kipande kilikuwa bado mkononi mwa mkewe.

Ripoti ilisema rubani alivuta usukani kupita kiasi. Wanasema marehemu hasemwi vibaya, lakini baba yetu alisemwa, na waliomsema walikula mshahara mpaka wakastaafu. Mama alikwenda kutoa ushahidi, msimamizi akamrudisha mlangoni kwa maneno haya, "Leota, una watoto wawili na hakuna wa kukulishia, nenda nyumbani," naye akarudi, akafunga mdomo, akafungua kisanduku cha patasi.

Ile ndege ilikuwa moja tu duniani, mabaki yake yakafukiwa jangwani, kwa hiyo modeli yake haikuwahi kuuzwa dukani, na wakusanyaji walipoona mwaka 1971 kwamba mama ameichonga, urefu wa mkono, rangi na misumari yote mahali pake, walimiminika. Nyingine zake aliwauzia, hiyo hakuiuza. Kila mwaka aliipeleka kwenye maonyesho ya chama chao hapa Lancaster, na kila mwaka waamuzi, na tochi zao na miwani yao ya kukuzia, walimkata alama kwa kosa lile lile, kwamba mkia upande wa kushoto haukuwa na kile kipande, ambacho kwa kipimo cha modeli hakizidi punje ya mchele.

"Mama Brandvold, mbona husahihishi? Kikombe ni chako, unakikataa mwenyewe!"

"Ndivyo ilivyoruka," aliwajibu, na wao wakacheka, wakasema bibi ana kichwa kigumu, hakuna hata mmoja aliyeketi akamuuliza maana yake nini.

Mwaka 2019 mama alianza kusumbuliwa na mapafu, akatibiwa mjini Lancaster, akafariki nyumbani tarehe 2 Februari 2023, akiwa na miaka themanini na sita, akituusia modeli hiyo ikae kando ya jeneza lake. Mwenyekiti wa chama, Bwana Wendell Kittredge, aliomba aipanguse vumbi, tukampa, na leo asubuhi ameirudisha inang'aa, na kile kipande amekigundisha, amekipaka rangi, anatabasamu. "Nimemmalizia," akasema. "Nimeona aondoke nayo ikiwa kamili."

Bwana Wendell, tunajua ulitaka kutenda wema, na ndiyo maana hukupigwa kofi. Umefanya kwa gundi kile ambacho kiwanda kilifanya kwa karatasi, umeirudisha ndege ile katika hali ya kutokuwa na kosa, ili kosa libaki kwa baba. Russell amekibandua kwa ukucha, hapa hapa kanisani, mbele yako, na alama ya gundi ile haitafutika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulea mama akiwa kazini, mchungaji, na kina mama wanaopasha moto chakula ukumbini. Inawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa zamani. Wapo humu wanaume watatu waliokiona kipande kile mezani kwake siku ile, mmoja ndiye aliyemnong'oneza mama makaburini, siku ya kumzika baba, jinsi baba alivyohakikishiwa, kisha akanyamaza miaka hamsini na nne. Tumeyapokea maua yenu. Mlango wa ofisi ya mchungaji utabaki wazi baada ya maziko, mwandishi wa gazeti amekaa humo, na hamna tena watoto wadogo wa kusingizia.

Ninyi wengine, mtakapopita kuaga, msitazame uso peke yake, tazameni na mkia, upande wa kushoto.

Mama, umekesha vya kutosha, pumzika kwa amani, zamu hii ni yetu.