Jina Alilolikwangua Ezroy Faulknor

Kusanyiko la Bwana, ninyi mlioketi ndani na ninyi mliosimama uani penye jua, nyamazeni sasa, zimeni simu zenu, wapakateni watoto, kwa maana mtu aliyefinyangwa kwa mkono wa Mungu amerudishwa kwa Mfinyanzi wake, nami Evadney, dada yake mdogo na shemasi wa kanisa hili, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, nayo nitayasoma yote, kwa kuwa mbele ya kiti cha hukumu hakuna pazia.

Ndugu yetu Ezroy Wilmot Faulknor alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Port Morant, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Ferdinand Faulknor, mkata migomba, na marehemu Ianthe, mama wa sala, akabatizwa kwa maji mengi mwaka 1957, akasoma katika shule ya msingi ya hapo kijijini hadi mwaka 1960, na tarehe 2 Februari 1961 akaletwa hapa Kingston kwa mjomba wetu, fundi redio, ambako alijifunza kufufua redio zilizokwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu.

Mwaka 1967 aliunda kwa mikono yake seti ya muziki ya kupigia dansi za mtaani, spika zake zikiwa kubwa kama makabati ya nguo, akaiita Yeriko, kwa sababu, alisema, besi yake iliangusha kuta, na mimi niliyekuwa binti wa kwaya nilimkemea kwa miaka mingi kwamba anawachezesha watu kuelekea shimoni, neno ambalo leo silirudii kwa ukali ule ule, kwa maana nimejua baadaye dhambi yake ilikuwa wapi, nayo haikuwa kwenye besi.

Tarehe 18 Desemba 1971, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Icilda, huyu mjane mnayemwona mbele yenu, na Bwana akawajalia watoto wawili, Novlette na Dwight, na wajukuu watano.

Wengi wenu mlimsikia kwenye ua wake akibishana na jirani yetu Vernal juu ya mwongo upi wa miaka ndio uliozaa muziki huu unaovuma leo duniani kote, Vernal akimpigia kelele kutoka upande wa pili wa uzio wa bati, "Ezroy, acha kuota, mzee! Bila vinanda vya umeme vya miaka ya themanini hawa vijana wangekuwa wanapiga makofi tu!" naye marehemu akimjibu, "Na hicho kinanda chako kilipiga nini, Vernal? Si kilipiga besi yetu? Umenunua jiko jipya, basi unajidai umevumbua wali!" Nami nashuhudia leo bila kusita kwamba kaka yangu alisema kweli, kwa kuwa mkichukua wimbo wowote ulio kwenye simu za wajukuu zenu, mtakuta besi imetangulia mbele kama nguzo ya wingu, sauti ya mwimbaji imeondolewa na kurudishwa vipande vipande, mwangwi unaitana na mwangwi, mtu anaongea juu ya mdundo badala ya kuimba, na mdundo mmoja unabebwa na waimbaji kumi, na hayo yote yalitendeka katika nyua zetu hizi katika miaka ya sabini, kabla wengi wa wanaoyatenda leo hawajawa tumboni mwa mama zao.

Lakini ikiwa miaka ile ni mama wa muziki wa leo, mama huyo alikuwa na mikono, na mikono hiyo ilikuwa na wenyewe, na hapa ndipo ninapoyafikia machungu.

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1973, katika chumba nyuma ya duka la mjomba, Ezroy alirekodi mdundo mmoja wa ngoma na besi, na aliyeketi kwenye ngoma alikuwa Lascelles Pinnock, rafiki yake wa kula sahani moja, aliyejifunza kupiga ngoma katika kanisa hili hili, na mdundo huo ukakatwa kwenye santuri tatu tu, kwa matumizi ya Yeriko peke yake. Mnajua desturi ya wenye seti, kwamba wapinzani walituma wapelelezi wasogelee meza na kusoma lebo, wapate kuujua wimbo na kuutafuta, hivyo kila mwenye seti alichukua kisu na kukwangua lebo mpaka karatasi ikabaki tupu, na Ezroy naye akakwangua, lakini alipokwangua jina la wimbo alikwangua pia jina la Lascelles, na kilichoanza kama hila ya mashindano kikageuka taratibu kuwa uongo aliouzoea.

Kanda ya mdundo ule ilivuka bahari, na mwaka 2016 mwimbaji kijana wa ng'ambo akauweka chini ya wimbo wake, dunia nzima ikaucheza, nao watu wa redio wakaja hapa kumwuliza kaka yangu ni nani aliyepiga ngoma ile, naye akajibu, "Yeriko," neno moja tu, akatabasamu. Lascelles aliyasikia hayo akiwa amekaa kwa kinyozi, povu bado shavuni, akatembea hivyo hivyo hadi langoni kwa marehemu, nami nilikuwapo nikimenya viazi na Icilda, nikamsikia akisema, "Ezroy, niangalie usoni. Nani kapiga ile ngoma?" Kaka yangu akasema, "Yeriko, bwana, kila mtu anajua," na Lascelles akasema, "Yeriko ni mbao na waya! Mbao ina mikono, we Ezroy?" akaondoka, wala hakulivuka tena lango lile.

Tarehe 11 Novemba 2023 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kuume ukafa na ulimi wake ukafungwa kama wa Zakaria hekaluni, na ndipo alipotaka kusema, sasa ambapo hakuweza. Mwezi Februari alimwonyesha Novlette kwa ishara azitoe zile santuri tatu, abandike karatasi nyeupe katikati, naye kwa mkono wa kushoto, herufi baada ya herufi, asubuhi nzima kwa kila santuri, akaandika jina la Lascelles Pinnock. Novlette alimpelekea Lascelles habari, naye akajibu mlangoni pake, "Mwambie baba yako, binti, mimi nimengoja miaka hamsini, na yeye angoje kidogo," na kaka yangu akangoja akiwa ameelekeza uso langoni, hadi Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa tisa alasiri, Bwana alipomtwaa.

Kaka Lascelles, nakuona pale benchi la tatu, umekuja, na kwa kuwa ulimi wake haukufunguliwa, nautumia wangu: ngoma ile ilipigwa nawe, Lascelles Pinnock, si na mwingine, na familia hii inakuomba msamaha mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi hawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kuimba nasi usiku tisa wa matanga, Vernal uliyemnyoa ndevu kila Jumapili, na wenzake wote wa seti. Ezroy, mwana wa mama yangu, ingia katika amani ambayo ulimwengu haukuweza kukupa.

Nanyi mliobaki na ndimi zenu zingali zinafanya kazi, wewe uliyejitwalia kazi ya mwenzako, wewe unayejua nani alifanya na umenyamaza, usiingoje siku ya kiharusi, tubu, ondoka hapa leo ukamtafute mtu huyo angali hai, ukamtaje kwa jina lake mbele za watu.