Alichokula Mzee Upondo

Asubuhi, jua halijapanda, benchi la Mwinyimvua pale Ifakara huwa limeshajaa. Mwinyimvua ni mtu wa pwani, auza kahawa na kashata, na maneno ya wateja wake ndiyo kitu pekee ambacho Mdachi hajakitoza kodi. Siku hiyo Zubeiri alikuja na mzigo moyoni. Mzee Upondo, mvushaji wa Kivukoni, alikuwa amefariki, na kesho yake matanga yanaanuliwa. Wavushaji wana desturi yao: mmoja wa waliovushwa huushika upondo wa marehemu, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akamsifu mbele ya watu. Lakini aushikaye hasemi ila aliloliona kwa macho yake. Familia ilimchagua Zubeiri. Naye mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji, askari walipochoma maghala mpaka watu wakala mizizi na kukimbilia ng'ambo ya mto, alivushwa akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Alichokumbuka sawasawa ni njaa tu.

— Nisaidieni, wazee wangu. Nitasema nini?

— Sema alikuwa na dawa, akaamuru Theodori, aliyeitwa Gavana kwa tabia hiyo hiyo ya kuamuru. Alivusha watu kutwa kucha, risasi zinalia, hakuguswa!

— Dawa gani, Gavana? akauliza Zubeiri. Maji yaliwamaliza kaka zangu wawili.

Gavana akakohoa kidogo.

— Kaka zako, Mungu awarehemu, walinyunyiziwa tu. Mwenzao alikuwa na mto mzima chini yake!

— Wacha bwana, akadakia Tarishi, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Ni mamba. Mamba walikuwa wanaujua mtumbwi wake. Ukijaa mno, wanauinua kwa migongo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? akauliza Mwinyimvua.

— Imeingia kwa sababu watu walikuwa wengi.

— Mamba si kitu! akasema Gavana. Kiboko mmoja alikuwa akimvutia mtumbwi kwa kamba, mimi nilimwona. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Kiboko aliinama? akauliza Tarishi.

— Sasa angevutaje?

Mwinyimvua akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Lakini nauli hakupokea, akasema. Hata punje.

Hapo hakuna aliyebisha. Tarishi, mtu wa kubishia hata mvua, aliinamisha kichwa kukubali. Mama yake mzazi alivushwa bure, na kuvushwa kwake ndiko kulikomwokoa. Zubeiri akaona fahari ikimjaa kifuani. Mtu kama yule hazaliwi kila mwaka.

Ndipo akaja Asmahani, mke wa Mwinyimvua, aliyewasili kutoka Kilwa juzi tu, amebeba dele la pili la kahawa.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti.

— Mniwie radhi, mimi mgeni. Nchi ina njaa, naye kutwa kucha anavusha, tena hapokei kitu. Yeye mwenyewe alikuwa anakula nini?

— Samaki! akasema Gavana. Si mto huo hapo?

— Alikuwa anavua saa ngapi?

Gavana akafungua kinywa, kisha akakiziba kwa kashata. Hata kiboko hakuja kumsaidia.

Zubeiri alikuwa ameshika kikombe, hanywi. Alijiona yuko ndani ya mtumbwi, miguu haina nguvu, na mzee anafungua jani, anatoa mkia wa kambale mkavu, anamwekea mapajani. Alisema, “Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba.” Zubeiri akala mpaka miiba. Na alipoinua macho aliziona mbavu za mzee, zote, kila alipouegemea upondo. Aliziona! Miaka minane hakuwahi kujiuliza, maana neno lile lilimfaa kuliamini. Aibu ikamchoma, na mapenzi juu yake.

— Umepata la kusema? akauliza Gavana, safari hii kwa upole.

— Nimepata.

— Mamba au kiboko?

Zubeiri akakiweka kikombe benchini, akafuta macho kwa kiganja.

— Nitaushika upondo wake niseme: mzee huyu alinidanganya mara moja tu. Aliniambia ameshiba.